Fundi wa chokaa Mikindani, mwenye nyumba ya mawe amtafute huyu mzee

Jamani wenye nyumba za zamani Mikindani, huku Mtwara, naomba mnisikilize kwenye hili. Nyumba ya bibi yetu ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ina baraza mbele na mlango wa nakshi. Mwaka juzi tukampa kazi fundi mmoja wa mjini akapiga lipu ya saruji nyumba nzima, mwanzoni ikapendeza kweli, ila mvua zilivyokolea ukuta ukaanza kuvimba, lipu inabanduka mapande mapande, chumvi nyeupe imetanda kama unga na chumba cha bibi kinanuka ukungu mpaka akahamia sebuleni.

Ndo tukaelekezwa kwa huyu mzee. Alifika, akakwangua ukuta kwa kucha, akasema "wajukuu zangu, mmeiziba pumzi hii nyumba". Maana yake mawe yale yanavuta maji toka chini, chokaa inayaacha yatoke, saruji inayafungia ndani yanakula ukuta na vichwa vya boriti. Akaibandua yote. Chokaa anazima mwenyewe kwenye shimo, ukimwaga maji inachemka kama uji halafu anaiacha ilale siku nyingi hataki kabisa kuharakishwa, na kila akimaliza kipande anakifunika magunia ya maji kisikauke haraka kikapasuka.

Bei yake iko juu kuliko mafundi wa saruji na kazi inachukua muda, hilo mjipange. Ila usafi wa kazi nampa kumi kwa kumi. Boriti mbili zilizooza kazitoa bila kuangusha dari, na masika yaliyopita chumba kilikaa kikavu, bibi karudi kitandani kwake.

Watu wakija Mikindani wanapanda kuliona lile boma la Mjerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli, wanasimuliwa yule mzungu msafiri Livingstone alivyoanzia hapa safari yake ya mwisho 1866, sawa, lakini mji ni hizi nyumba zetu za huku chini ambazo nyingi zimebaki kuta na mti umeota ndani. Zikitengenezwa watu wakae humo, wapike, watoto wacheze barazani, mimi ndo naita mji umefufuka. Nyumba ya jirani pale ameshaanza kuipima.

Ukimtaka we shuka Mikindani ulizia fundi chokaa, ila nenda kabla mvua za Desemba hazijaanza.