Uzoefu wangu: tiketi ya VIP ya kukutana na msanii

Tiketi za kukutana na msanii zinauzwa kwa jina moja, lakini kilichomo ndani hutofautiana sana, na malalamiko mengi ninayoyasikia ni ya mtu aliyenunua kitu kimoja akidhani ni kingine. Ninayoizungumzia hapa ni ya daraja la kati: kuingia mapema, kusimama eneo la mbele, kusikiliza bendi ikijaribu vyombo, picha moja na mwanamuziki, na mfuko wa zawadi. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyokatwa ni ya waandaaji: barua pepe ya maelekezo ilichelewa, na ilipofika ilitaja mageti mawili tofauti kwa kundi hilohilo. Msanii hana kosa hapo.

Kabla hujalipa, tafuta maneno yanayosema kama kifurushi kina tiketi ya onyesho ndani yake au ni nyongeza tu. Nyongeza haikuingizi ukumbini. Unatakiwa uwe na tiketi ya kawaida ya usiku huohuo, uliyoinunua kando, na ukifika bila hiyo hakuna wa kukuonea huruma. Kisha soma habari za kurudishiwa fedha. Kwa kawaida sauti ya msanii ikikauka na kukutana kukafutwa, huku onyesho lenyewe likaendelea, unarudishiwa ile tofauti ya kifurushi, tena pengine si yote kwa kuwa mfuko wa zawadi umeshapewa. Angalia pia kama jina linaweza kubadilishwa. Vifurushi vingi vimefungwa kwa jina la mnunuzi, na kitambulisho kinakaguliwa kwenye meza ya mapokezi ya VIP. Ukikinunua kwa mlanguzi, unaweza kuingia ukumbini kwa tiketi yake halafu ukazuiwa kwenye foleni ya picha.

Barua ya maelekezo hutumwa siku chache kabla ya onyesho, mara nyingine siku moja tu, na humfikia aliyelipa peke yake. Kama rafiki mmoja amewanunulia wote, mko mikononi mwake. Mwambieni aangalie folda ya barua taka kila siku. Saa inayotajwa humo mara nyingi ni saa mbili au tatu kabla ya milango kufunguliwa kwa umma, na si ya kuchezea: kundi lote huongozwa ndani kwa pamoja, mlango ukafungwa, na mfanyakazi wa meza ile akaondoka kwenda kazi nyingine. Meza yenyewe aghalabu haiko geti kuu. Iko ubavuni, karibu na dirisha la tiketi au mlango wa wafanyakazi. Ukiona foleni ndefu ya watu mia mbili, hiyo siyo yako.

Tiketi nyingi za simu siku hizi zina msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo skrinishoti haisomeki getini. Ihifadhi kwenye programu ya pochi (Wallet) iliyomo ndani ya simu ukiwa bado nyumbani, maana watu wakishajazana nje ya ukumbi mtandao hulemewa na programu hubaki inazunguka tu. Pandisha mwanga wa skrini kabla ya kufika kwa mwenye kuskani. Beba pawabenki ndogo, na upime mkoba wako kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye masharti ya ukumbi. Kumbi nyingi zinakubali mfuko mdogo tu, nyingine zinataka uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo.

Kujaribu vyombo, ambako wengi hukuchukulia kama kusubiri, kwangu ndiko kunakofanya kifurushi kistahili pesa yake. Mafundi huwa wameshamaliza kazi ya kuchosha, ya kugonga ngoma kubwa mara hamsini na kuita namba kwenye kila maikrofoni, kabla hamjaingizwa. Mnachoona ni bendi yenyewe, nguo za kawaida, nyimbo mbili tatu, mara nyingine nusunusu. Msikilize mwimbaji anapoomba sauti ya kinanda ipunguzwe kwenye kisikilizio cha sikioni mwake, halafu angalia mkono wa fundi pembeni ya jukwaa ukigusa kitufe kimoja na mwimbaji akatikisa kichwa kukubali. Usishtuke sauti ikivuma kama ya pangoni. Ukumbi mtupu una mwangwi mwingi, kwa sababu miili ya watu ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sauti, na fundi mzoefu anaacha nafasi ya hilo. Kurekodi video mara nyingi ni marufuku hapa, na mabaunsa hawaonyi mara mbili.

Sasa foleni ya picha. Fanya hesabu mapema: watu sitini katika nusu saa ni sekunde thelathini kwa kila mmoja, ukijumlisha kuingia na kutoka. Mikoba inawekwa mezani, simu inarudi mfukoni, kuna kitambaa chenye nembo ya ziara nyuma na mpiga picha rasmi mbele. Anabofya mara mbili na umemaliza. Waliokuja wawili wakiomba kupigwa pamoja, aghalabu hupewa muda unaokaribia wa watu wawili, na ni njia halali kabisa ya kupata dakika nzima. Vua kofia na ile kadi ya shingoni, kwani huwaka kwenye flashi. Mwenye miwani ainamishe uso kidogo ili taa isirudi kwenye lenzi. Amua mkao ukiwa bado kwenye foleni. Kumkumbatia msanii ni kwa kuomba, na ziara nyingine zimekataza kabisa, kwa sababu anayeshikana na watu sitini kila usiku hupata mafua ya kila mji. Kuhusu maneno, taja jina lako na jambo moja mahususi, kama wimbo fulani au sehemu fulani ya gitaa. Kumwambia unampenda tangu zamani ni ukweli, lakini waliokutangulia wote wameshamwambia.

Kusaini hakumo katika kila kifurushi, na kunapokuwamo ni kitu kimoja kwa mtu. Hapa ndipo watu wanapoharibu vitu vyao. Sahani ya santuri iliyo ndani ya nailoni ya dukani ivuliwe nailoni kabla hujaondoka nyumbani, na sahani yenyewe itolewe kwenye jalada, ili kalamu isilete alama na jalada lilale bapa. Kalamu ya wino wa kawaida huteleza kwenye karatasi inayong'aa na kuacha mikato. Tumia maka ya wino usiofutika, nyeusi kwa jalada jeupe, ya fedha kwa jalada jeusi. Maka za rangi ya mafuta zinadumu zaidi, ila lazima zitikiswe na ncha ibonyezwe kwenye karatasi chakavu hadi wino ushuke. Fanya hivyo kwenye foleni, usimpe msanii kalamu kavu. Baada ya saini, usilirudishe jalada kwenye mfuko wa plastiki kwa dakika kadhaa, kwani wino mbichi utahamia kwenye plastiki na kubaki na kivuli cha saini. Fulana ivutwe juu ya kadibodi na itiwe saini kwa kalamu ya vitambaa. Gitaa lisainiwe mahali ambapo mkono wa mpigaji hausugui.

Mfuko wa zawadi: kadi, begi la kitambaa, bango. Kama bango linadaiwa kuwa na saini, liinamishe chini ya taa. Wino wa maka huwa na mng'ao wake na mistari hupishana kwa unene. Saini iliyochapishwa ni bapa kama picha iliyobaki, na ukiikuza kwa kamera ya simu utaona vinukta.

Eneo la mbele lina sifa kubwa kuliko linavyostahili upande wa sauti. Spika kuu zimening'inizwa juu na kuelekezwa kwa umati ulio nyuma, kwa hiyo aliye kwenye uzio husikia ngoma na amplifaya za jukwaani waziwazi, mvumo wa spika za besi zilizo miguuni pake, na sauti ya mwimbaji ikiwa imefifia. Kumbi nzuri hupanga spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kufidia hilo, lakini si zote. Anayetaka muziki ulivyokusudiwa asimame karibu na meza ya fundi sauti, katikati ya ukumbi. Kwa VIP nakushauri hatua tano au sita nyuma ya uzio, katikati: bado unaona jasho la mpiga gitaa, na sauti ya mwimbaji imerudi mahali pake.

Masikio usiyafanyie mzaha. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidishe wastani wa desibeli 100. Onyesho huchukua dakika tisini au zaidi, fanya hesabu mwenyewe. Vizibo vya sponji vinatosha vikivaliwa sawasawa: kisokote chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie sekunde ishirini mpaka kivimbe. Kasoro yake ni kwamba hukata zaidi sauti nyembamba na muziki unakuwa mzito. Vile vyenye kichujio maalumu cha muziki hupunguza kwa usawa zaidi, na kwa anayekwenda matamasha mara kwa mara ni bora anunue hivyo.

Jihadhari na akaunti za mitandaoni zinazojiita meneja wa msanii na kukuuzia nafasi ya faragha ya kukutana naye. Anayekutaka ulipe kwa kadi za zawadi au sarafu za kidijitali ni tapeli. Vifurushi halisi vinapatikana kupitia kiungo kilicho kwenye tovuti ya msanii au ya muuza tiketi rasmi.

Kifurushi cha kukutana baada ya onyesho mimi singekinunua. Msanii amechoka, sauti imekwisha, magari ya ziara yanasubiri, na ratiba ikichelewa cha kwanza kukatwa ni muda wenu.

Picha hutumwa kwa kiungo baada ya siku kadhaa, na kiungo hicho huwa na mwisho. Pakua faili kubwa, si ile ndogo ya kuonyeshea. Isipoonekana, andikia waliouza kifurushi, si ukumbi: taja namba ya oda, tarehe ya onyesho, nguo ulizovaa na takriban ulikuwa wa ngapi kwenye foleni. Mpiga picha ana mamia ya sura asizozijua, na shati la njano analitafuta kwa dakika moja.