Mauntingi ya injini ya baiskeli: nunua kwa kipimo cha bomba, usinunue kwa picha

Malalamiko ya wasomaji wanaofunga injini kwenye baiskeli yanafanana mno: stadi, yaani boliti isiyo na kichwa inayoingia kwenye injini, imekatika, tena imekatikia usawa wa ukuta wa injini, haijabaki hata ncha ya kushika kwa koleo. Wengi hulaumu injini. Mara nyingi kosa liko kwenye mauntingi, yaani kibano kinachoishika injini kwenye fremu, hasa kwenye ule mkunjo wa nusu duara unaokumbatia bomba la fremu. Wauzaji ni nadra kuandika upana wa mkunjo huo, na ndio wa kuuliza kabla hujatoa hela. Rangi, mng'ao na uzito havitakusaidia kitu.

Nazungumzia ile injini ya Kichina inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, inayouzwa kama ya 80 ilhali ukipiga hesabu ya silinda yake, milimita 47 kwa 38, unapata sentimita za ujazo 66. Inakaa ndani ya pembetatu ya fremu na kushikwa sehemu mbili: nyuma kwenye bomba la kiti, mbele kwenye bomba linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye pedeli. Kila sehemu ina stadi mbili, za M6 au M8 (unene wa milimita 6 au 8) kutegemea toleo. Injini ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, inatikisa fremu mara 75 kila sekunde. Mauntingi iliyolala vizuri juu ya bomba huupeleka mtikisiko huo kwenye fremu nzima. Inayogusa kwa mistari miwili tu huiacha injini icheze, nati zinapoteza mkazo, na stadi iliyopaswa kuvutwa tu inaanza kupindwa huku na huku, kama mtu anavyokata waya kwa mikono.

Kwa hiyo anza na bomba lako. Kama huna kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, zungusha uzi mara moja kwenye bomba kisha upime urefu wake kwa rula. Uzi wa milimita 90 maana yake bomba ni la 28.6, uzi wa 100 ni bomba la 31.8, uzi wa 110 ni la 35. Pima mabomba yote mawili, maana mara nyingi hayalingani. Injini hizi zimechongwa kwa mabomba membamba ya chuma, ya ule ukubwa wa 28 na ushei. Fremu za alumini za baiskeli za milimani huwa na bomba la mbele nene, na pengine si la duara kabisa. Mimi sifichi upendeleo wangu: kwa kazi hii fremu ni Phoenix. Ni chuma, mabomba ni ya duara, na fundi yeyote wa mtaani anajua kuitengeneza ikipata ufa. Hero na Avon zinafuata kwa karibu.

Kipimo cha pili ni cha masizi. Changanya masizi ya chungu na tone la oili, upake bomba kwa wepesi, bana mauntingi kwa mkono, kisha ifungue utazame ndani ya mkunjo. Ukiona weusi umeenea angalau theluthi mbili, umepata. Mistari miwili ya pembeni maana yake mkunjo ni mdogo kuliko bomba: tafuta kipande cha bomba lenye unene sawa na la fremu, kizungushie msasa, usugue mkunjo taratibu huku ukirudia masizi. Alumini ni laini, inakubali. Mstari mmoja wa katikati maana yake mkunjo ni mkubwa: kata kipande cha bomba la chuma, kipasue kwa urefu kiwe nusu mbili, na zile nusu ziwe shati la kujaza nafasi.

Sasa nizipange aina za mauntingi, iliyo bora ikitangulia.

Namba moja ni mauntingi iliyokerezwa kwa kipimo cha bomba lako, ya chuma au alumini ngumu, ikigusana na bomba moja kwa moja. Si lazima uiagize nje. Mafundi wa kukereza wako Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, na ukienda na bomba la sampuli pamoja na umbali kati ya stadi, katikati hadi katikati, kazi haiwashindi. Mwambie fundi kwamba nusu mbili za mauntingi zikishabana bomba, zibaki zimeachana milimita 2 hadi 3. Zikigusana, nati itakaza hewa.

Namba mbili, kwa mwenye bomba nene la mbele: bamba la chuma la milimita 6 pamoja na boliti ya U kama ile inayobana bomba la moshi la gari. Stadi za injini zinaingia kwenye bamba, boliti ya U inakumbatia fremu. Hapa shati la bomba ni lazima, la sivyo boliti itabonyeza bomba kama kopo.

Namba tatu ni ile inayokuja ndani ya boksi la injini. Inatosha kwenye Phoenix ikipita mtihani wa masizi, mradi stadi zake uzitupe na kununua za daraja la nguvu 8.8.

Namba nne ni kuchomelea. Nimeiweka chini kwa sababu bomba la baiskeli ni jembamba na linatoboka upesi, na fremu ya alumini ikichomelewa inalegea pale pale ilipopata moto. Kama huna njia nyingine, chomelea kwenye shati, fremu uiache.

Vibano vya bati ni vya kuacha dukani. Kutoboa bomba la mbele ili kupitisha boliti, kama yanavyoelekeza maelezo ya baadhi ya maboksi, ni kuualika ufa. Na mpira wa tyubu kati ya mauntingi na bomba, jambo ambalo watu wengi wanalisifu, ndio unaoipa injini nafasi ya kucheza. Utoe.

Kwenye kufunga, stadi iingie kwenye injini milimita 12 hadi 16 kama ni M8. Safisha hesi (mifereji ya kuzungushia nati) kwa petroli, ziache zikauke, paka Loctite 243, ile gundi ya buluu ya kuzuia hesi zisilegee, upande wa injini, ukaze kwa nati mbili zilizobanana. Gundi nyingine za buluu zipo, lakini hii inavumilia mabaki ya oili. Ipe saa 24. Kisha funga nyuma kwanza, injini ikalie bomba la kiti kikamilifu, ndipo utazame mbele. Ikiwa imebaki nafasi, hata ya milimita 4, ijaze kwa kipande kigumu cha chuma. Usiivute injini kwa kukaza nati; sikio la injini, pale stadi inapoingia, litapasuka, na hilo peke yake halina spea. Nati ziwe za chuma zenye pete ya nailoni ndani, na washa nene chini yake. M8 inataka mkazo wa nyutoni mita 20 hivi: ukitumia spana ya sentimita 15, funga mizani ya kuning'inia kwenye ncha yake na uvute hadi kilo 13. M6 inatosha kilo 7 kwa spana ya sentimita 12.

Kinachoniudhi ni maneno “inafaa baiskeli zote”. Hakuna mauntingi inayofaa bomba la 28 na la 45 kwa mkunjo ule ule, na anayeiuza anajua. Mnunuzi analipia mzigo, analipia usafiri, kisha anaambiwa hairudishwi kwa kuwa imeshafungwa. Muuzaji akishindwa kukutajia upana wa mkunjo kwa milimita na umbali wa stadi, bei yake hata ikiwa nusu, ondoka. Hela hiyo hiyo mpe fundi wa kukereza.

Ukishafunga, endesha dakika 20, zima, acha injini ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya kilomita 50. Halafu pitisha kitambaa cheupe ukingoni mwa mauntingi. Kikitoka na vumbi jeusi au la rangi ya kutu, kuna kinachosuguana humo ndani: fungua, paka masizi upya.