Herman's Hermits: uzoefu wangu na mkusanyiko wa nyimbo zao

Mkusanyiko wa nyimbo za Herman's Hermits, bendi ya pop ya Uingereza ya miaka ya 1960, nimeusikiliza kwa muda wa kutosha sasa, nyumbani na ndani ya gari, na ninaweza kuuelezea kwa anayefikiria kuununua. Ni CD moja yenye nyimbo zao kubwa kuanzia 1964, nyingi zikiwa zimerekodiwa London chini ya prodyuza Mickie Most. Niliipata katika duka la mitumba hapa Manchester ninakoishi, na Manchester ndiko walikotoka vijana hawa watano: Peter Noone mwimbaji, Derek Leckenby kwenye gitaa la solo, Keith Hopwood kwenye rithimu, Karl Green kwenye besi na Barry Whitwam kwenye ngoma.

Watu wengi wanaopenda zilipendwa za Uingereza huwapita hawa haraka. Husema ni nyimbo za watoto, za kuchekacheka. Mimi ninawapenda kwa dhati, na ninaamini wepesi wao ni kazi ngumu iliyofanywa vizuri.

Anza na "I'm into Something Good". Wimbo waliutunga Gerry Goffin na Carole King wa Marekani, akautoa kwanza mwimbaji Earl-Jean, na Most akawapa Hermits. Septemba 1964 ulishika namba moja Uingereza, wakati Noone ana miaka 16 tu. Umri huo unausikia. Anaimba kama kijana aliyetoka kuongea na msichana kwa mara ya kwanza na bado hajafika nyumbani kuwasimulia wenzake. Piano inatembea chini yake bila haraka, waitikiaji wanamjibu kwa upole, na hakuna ala inayotaka kuonekana kuliko nyingine. Ni kiasi cha dakika mbili na nusu, na ukiisha unataka urudiwe.

Noone alikuwa amekwisha kuigiza kabla ya kuimba. Alionekana kwenye tamthilia ya televisheni "Coronation Street" akiwa mtoto. Nadhani ndiyo maana kila wimbo anauchukua kama nafasi ya mhusika. Hilo linadhihirika zaidi katika "Mrs. Brown You've Got a Lovely Daughter", wimbo wa mwigizaji Trevor Peacock uliowahi kuimbwa na Tom Courtenay katika mchezo wa televisheni mwaka 1963. Kijana ameachwa na binti. Haendi kugombana naye, anakwenda kwa mama yake. Anamsifia binti mbele ya mzazi, kisha anamwomba mama amwambie kwamba zile zawadi asihangaike kuzirudisha, abaki nazo. Sisi tuliofundishwa namna ya kusimama mbele ya mama wa mtu tunauelewa uzito wa ziara hiyo. Yule kijana ana adabu mpaka mwisho, na moyo umeshavunjika.

Noone aliuimba kwa lafudhi nzito ya Manchester, wakati waimbaji wengi wa Uingereza walikuwa wakijitahidi kutamka kama Wamarekani. Lafudhi hiyo ninaisikia kila siku kwenye basi na sokoni, kwa hiyo kwangu wimbo una sura za watu ninaowajua. Gitaa nalo limezimwa nyuzi kwa makusudi, linatoa sauti fupi fupi zinazokaribia banjo. Uingereza hawakuutoa kama singo, yaani rekodi ya wimbo mmoja inayouzwa peke yake. Marekani ma-DJ waliupiga kutoka kwenye albamu hadi kampuni ikalazimika kuutoa, na Mei 1965 ukawa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki tatu. Jambo linalonifurahisha zaidi ni mfuatano wenyewe: kabla yao nafasi hiyo ilikuwa ya Wayne Fontana na the Mindbenders, na kabla ya hao Freddie and the Dreamers. Bendi tatu za jiji moja, moja baada ya nyingine! Liverpool, jiji la Beatles, inasifiwa sana, na inastahili, lakini majira yale ya kuchipua yalikuwa ya Manchester.

"I'm Henry VIII, I Am" ndio wimbo unaopendwa na wanangu. Ni wimbo wa 1910 wa kumbi za burudani za London, uliovumishwa na Harry Champion: jamaa anaitwa Henry, ameoa mjane wa jirani aliyekwisha kuolewa mara saba, na waume wote walikuwa Henry. Hermits walichukua kiitikio peke yake wakakirudia. Haufiki dakika mbili. Ulishika namba moja Marekani Agosti 1965. Ni mzuri kwa safari yenye watoto, na ukiwa peke yako unaweza kuuruka.

Kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu nani hasa alipiga ala kwenye rekodi hizi. Most aliajiri wanamuziki wa studio pale alipoona inafaa, na wanabendi wenyewe wamekuwa wakisisitiza kwamba walipiga kwenye nyimbo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mimi ninawaamini, hasa nikisikia nyimbo za mwanzo zilivyo na besi na ngoma za vijana waliozoeana jukwaani. Pale palipohitajika mkono wa ziada, ulikuwa mkono mzuri.

Ushahidi ni "No Milk Today" ya 1966, na kwa wimbo huu peke yake ningelipa bei ya CD nzima. Mtunzi ni Graham Gouldman, naye wa huku huku, aliyekuja kuwa mmoja wa bendi ya 10cc. Mpangilio wa ala ulifanywa na John Paul Jones, miaka miwili kabla ya kuingia bendi ya roki ya Led Zeppelin. Uingereza ya wakati ule maziwa yaliletwa mlangoni alfajiri katika chupa za kioo, na usipoyahitaji unaacha kikaratasi kumwambia muuza maziwa apite. Gouldman akaona msiba ndani ya kikaratasi hicho: hakuna maziwa leo kwa sababu mpenzi ameondoka, na aliyebaki hana wa kumpikia chai. Wapita njia wanaona chupa tupu tu. Hakuna anayejua.

Beti zinakwenda kwa huzuni ya taratibu, kisha muziki unafunguka, zinalia zile kengele ndefu za chuma, na Noone anaimba kwa sauti iliyo karibu na furaha. Hapo ndipo panaponishika kila mara. Anakumbuka nyumba yao ndogo, vyumba viwili juu na viwili chini, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini. Nyumba za namna hiyo bado zipo Manchester, zimepangana ukuta kwa ukuta, na mimi nimewahi kupanga moja. Mwimbaji mwingine angelia. Yeye ameushika wimbo kwa mkono mwepesi, na uchungu unaingia wenyewe.

Si kila wimbo uko kwenye kiwango hicho. "Wonderful World" ya mwimbaji wa Marekani Sam Cooke wameiimba kwa heshima, miezi michache baada ya kifo chake, lakini sauti ya Cooke haina mbadala. Nyimbo za kudansi zenye asili ya rhythm and blues zinawapwaya. Hawana ukali unaotakiwa. "Listen People" ya 1966, kinyume chake, ni tulivu na nzuri mno, na "There's a Kind of Hush" ya 1967 inaweza kuchezwa harusini leo hii na wazee kwa vijana wakainuka. Za mwisho wa muongo, kama "My Sentimental Friend" ya 1969, zimejaa vinanda na violini kupita kiasi kwa masikio yangu, ingawa sauti ya Noone ilikuwa imekomaa. Alijitoa kwenye bendi 1971.

Kwa mnunuzi: hakikisha ni rekodi asilia. Kwenye soko kuna matoleo yaliyorekodiwa upya miaka mingi baadaye, yenye majina yale yale ya nyimbo na picha za zamani kwenye jalada. Tafuta jina la Mickie Most na miaka ya kurekodiwa. Pia ukipata nafasi ya kuchagua, chukua mono, yaani toleo ambalo sauti zote zimeunganishwa bila kugawanywa kushoto na kulia. Steriyo za miaka ile mara nyingi zinatenganisha sauti upande mmoja na ala upande mwingine, na ukivaa hedifoni wimbo unapasuka katikati. Kwenye mono wote wanasimama pamoja, ngoma inapiga kifuani. Kama hutaki kununua kwanza, sikiliza "No Milk Today" mara mbili, ya pili ukifuata maneno. Ikikugusa, chukua mkusanyiko mzima.