Mold kwenye laptopu ya mtumba: ukungu unaostahili kukaribishwa

Herufi mbili tu, ld, ndilo jina la kiunganishi (linker, kinachoshona vipande vilivyotafsiriwa kuwa programu moja) cha zamani cha Unix, na waandaaji programu hawakuziacha zipite bure. Mwaka 2008 Ian Lance Taylor wa Google alitoa gold, dhahabu. Rui Ueyama, ambaye tayari alikuwa ameandika lld ya mradi wa kompaila wa LLVM, akaleta mold, ukungu, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2021. Tawi lake la macOS lilipouzwa kwa leseni ya kibiashara likaitwa sold, yaani "imeuzwa". Siku hizi yupo na wild wa David Lattimore. Faili zinazoshonwa na viunganishi hivi kwenye Linux ni za muundo wa ELF, jina la kiumbe wa ngano za Ulaya, na taarifa za kusakia hitilafu zikaitwa DWARF, mbilikimo, ili elf asitembee peke yake. Aliyekua akisikia "paa amepaa juu ya paa" haelezwi utamu wa mchezo huu.

Lakini mold haisifiwi kwa jina. Ukibadilisha mstari mmoja katika mradi wa C++ wenye faili mia tano, kompaila hutafsiri upya faili moja au chache. Kiunganishi hakina nafuu hiyo: hushona programu nzima upya, kila mara. Ndiyo maana mtu hukaa akitazama terminali baada ya badiliko dogo kabisa. GNU ld, yaani ld ya mradi wa GNU, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa uzi mmoja (thread, njia moja ya kazi), hata kichakataji kikiwa na nyuzi nane zisizo na shughuli. Mold huigawa kazi kwa nyuzi zote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa vipimo vya mradi wenyewe, kwenye mashine ya kori 16 na nyuzi 32, kuunganisha kompaila ya Clang 19 (GiB 1.56) kulichukua sekunde 42.07 kwa GNU ld, 33.13 kwa gold, 5.20 kwa lld, na 1.35 kwa mold.

Usitegemee 1.35 hiyo kwenye ThinkPad T480 ya mtumba iliyonunuliwa katikati ya Kampala. Core i5-8350U iliyomo ina kori 4 na nyuzi 8. Tofauti na ld bado ni kubwa, na mashine za aina hii zinaifaa mold kwa sababu moja isiyosemwa sana: kichakataji cha wati 15 hukimbia vizuri kwa muda mfupi, kisha joto humrudisha nyuma. Kutafsiri kwa dakika kumi humchosha. Kushona kwa sekunde chache hakumchoshi. Umeme ukikatika ukabaki kwenye betri, angalia kama mfumo umejishusha kwenye hali ya kubana nishati. Amri `powerprofilesctl set performance` huirudisha kasi.

Kabla ya kusakinisha chochote, fungua mashine kwanza. Ikiwa muuzaji ameacha diski ya kuzunguka, hela ya kwanza iende kwenye SSD, kwani mold husoma maelfu ya faili kwa pamoja na diski hiyo ndiyo itakayoamua mwendo. Pili RAM: T480 ina nafasi mbili za DDR4, na GB 8 hazitoshi mradi mkubwa wenye taarifa za DWARF. Zima betri ya ndani kupitia BIOS (F1, Config, Power, Disable Built-in Battery) kabla ya kulegeza skrubu za kifuniko cha chini.

Usakinishaji ni amri moja, na kifurushi ni kidogo, hakimalizi bando:

`sudo apt install mold`

Hapa ndipo wengi hukwama. Kompaila ya GCC huambiwa itumie mold kwa chaguo la `-fuse-ld=mold`, nayo hulielewa kuanzia toleo la 12.1. Ubuntu 22.04 inakuja na GCC 11, kwa hiyo utapata kosa la chaguo lisilojulikana, na si mold iliyoharibika. Tumia `-B/usr/libexec/mold` badala yake, au tanguliza amri yako: `mold -run make`. Kwenye Ubuntu 24.04 tatizo hili halipo.

Kwa lugha ya Rust, andika hivi ndani ya `~/.cargo/config.toml`:

`[target.x86_64-unknown-linux-gnu]`
`rustflags = ["-C", "link-arg=-fuse-ld=mold"]`

Maelekezo mengi mtandaoni huongeza `linker = "clang"`. Ukiwa na GCC 12.1 au zaidi huhitaji kupakua clang yote. Na hapa majina yanapendeza tena: Graydon Hoare aliipa Rust jina akiwa na kuvu wa kutu akilini, jamii ileile inayoshambulia majani ya kahawa ya Arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kutu na ukungu kwenye mashine moja, na kinyago cha Rust, japo si rasmi, ni kaa. Sisi tunaweza kumwambia kaa akae, Waingereza hawawezi.

Usiamini kwamba imeshika mpaka uhakikishe:

`readelf -p .comment ./programu`

Neno mold lisipoonekana, bado unatumia kiunganishi kingine. Mara nyingi sababu ni folda ya zamani ya CMake (zana ya kusanidi ujenzi) iliyobeba mipangilio ya jana. Ifute, usanidi upya. Kupima, gusa faili moja kwa `touch`, kisha `time ninja` (ninja ndiyo zana inayoendesha ujenzi). Pima mara ya pili, si ya kwanza, maana ya kwanza hubeba pia muda wa kusoma diski.

Mashine ikiganda wakati ninja inashona programu kadhaa kwa pamoja, ni RAM iliyojaa. `MOLD_JOBS=1` huzipanga foleni, moja baada ya nyingine, na kwenye GB 8 njia hiyo humaliza mapema kuliko kuziachia zote zigombanie kumbukumbu. Ongeza `-gsplit-dwarf`, inayoweka taarifa za DWARF kwenye faili za pembeni, na mbilikimo wengi watabaki nje ya mlango.

Leseni ya mold ilikuwa AGPL, yenye masharti ya kufungua msimbo, hadi 2023. Toleo la 2.0 liliihamishia kwenye MIT isiyo na masharti hayo, basi kampuni haina sababu ya kuiogopa. Wanaoandikia vidhibiti vidogo kwa hati ndefu za kiunganishi (linker scripts, maelekezo ya kupanga kumbukumbu) wabaki na GNU ld, kwa sababu mold huzielewa hati hizo kwa sehemu tu. Wala usitarajie nafuu kubwa ukijenga toleo la mwisho kwa LTO (uboreshaji wa programu nzima wakati wa kuunganisha): muda mwingi huliwa na kompaila, na mold hukaa ikisubiri kama wewe.