Kupiga picha kazi za mikono Lubumbashi: ununue nini kwanza, nini ukiache dukani

Mteja wako wa Kinshasa au Lusaka haishiki sahani ya shaba uliyoifua wala mkufu wa malakiti, lile jiwe la kijani. Anaona picha yake kwenye WhatsApp tu, na hapo ndipo anapoamua. Simu uliyo nayo inatosha, mradi kioo cha kamera yake hakijakwaruzwa. Kinachopungua karibu kila mara ni mwanga mzuri. Ndiyo maana orodha hii haifuati bei. Nimeanza na kile kinachobadilisha picha zaidi kwa pesa kidogo.

1. Karatasi za bristoli na kitambaa cheupe chepesi

Hivi vinanunuliwa kwa faranga, dola zako ziache mfukoni. Chukua bristoli tatu, zile karatasi nene ngumu za wanafunzi, mbili nyeupe na moja nyeusi, na uchague zisizong'aa. Nyeupe ya kwanza iegemeze ukutani, uiache iteremke kwa mviringo hadi mezani bila kuikunja, ili nyuma ya kazi yako pasionekane mstari. Ya pili isimamishe upande usio na dirisha, irudishe mwanga kwenye kivuli. Hata lile povu jeupe gumu linalofungia televisheni mpya linafanya kazi hiyo, na huwa linatupwa.

Nyeusi ndiyo ambayo wengi hawaikumbuki, na kwa wafua shaba ndiyo muhimu kuliko zote. Shaba iliyosuguliwa ni kioo. Itaonyesha dirisha, shati lako na mkono ulioshika simu. Huwezi kuikataza, ila unaweza kuchagua ionyeshe nini. Weka nyeupe upande mmoja, kisha isogeze nyeusi polepole upande wa pili huku ukiangalia kwenye simu. Kuna mahali ambapo kila alama ya nyundo inapata ukingo mweusi, na mchoro uliokuwa bapa unainuka. Hapo ndipo pa kupiga. Kama bado unajiona ndani ya sahani, toboa tundu dogo katikati ya karatasi nyeupe na upigie picha hapo, wewe ukiwa nyuma yake.

Malakiti ina tabia nyingine. Ikishang'arishwa, dirisha linajichora juu yake kama doa jeupe na kufunika ile mistari ya kijani ambayo mteja anaitaka. Tundika kitambaa chepesi dirishani, kisha geuza jiwe kidogo kidogo mpaka doa lihame. Na kwa kuwa tunaongelea usafi: limau na chumvi vinang'arisha shaba vizuri, lakini visiguse malakiti. Jiwe hilo ni kaboneti ya shaba, asidi inalila na mng'ao unaondoka.

Dirisha lenyewe ni la bure, bora ulijue. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la mchana linapita kaskazini mwetu, kwa hiyo dirisha linaloangalia kusini, takriban upande wa Kasumbalesa mpakani na Zambia, linapata mwanga laini mchana wote bila jua kuingia. Wakati wa mvua mawingu yanakufanyia kazi ya kitambaa, uwani panatosha.

2. Stendi ya miguu mitatu yenye kishikio cha simu

Faida yake kubwa ni kwamba mikono yako inabaki huru kusogeza bristoli. Pia picha kumi za bidhaa kumi zitatoka kwa ukubwa na pembe moja, na orodha yako itaonekana ya duka moja. Dukani, funga simu yako mwenyewe juu yake, iinamishe kuelekea chini na uachie. Kichwa kikiteremka, irudishe. Zile ndefu nyembamba za kupigia selfi zinayumba mtu akipita tu. Fupi nzito ni bora, maana kazi zetu nyingi ni za mezani.

Ukishaipata, isogeze nyuma kidogo na utumie ukuzaji wa mara mbili. Simu ikikaribia mno, mdomo wa chungu unavimba na kitako kinakonda.

3. Balbu mbili za LED zinazofanana

Hizi ni za wanaopiga picha usiku baada ya kazi. Ziwe mbili za aina moja, zenye mwanga wa mchana, yaani kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 hadi 5500 kwenye boksi. Zile za manjano za 2700 zinafanya shaba ionekane nyekundu kupita kiasi, na ukichanganya aina mbili hakuna simu itakayojua nyeupe ni ipi. Kama boksi limeandikwa CRI, tafuta 90 kwenda juu: ndicho kipimo cha uaminifu wa rangi, na kwa kitenge kina maana sana.

Usilipe kabla ya kuiona inawaka. «Papa, naomba uiwashe kwanza» si dharau, kila muuzaji amezoea. Fungua kamera ya simu, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, balbu inapepesa na picha zako zitatoka na michirizi. Iache hapo. Angalia pia kitako, cha kuzungusha au cha kuchomeka na kugeuza, kilingane na kishikio cha nyumbani. Na kwa kuwa umeme unakatika, balbu ya kuchajiwa iliyopita jaribio hilo ni afadhali kuliko kali isiyo na betri.

4. Sanduku la mwanga

Hili ni sanduku jeupe unaloweka kazi ndani na kuipiga picha. Linafaa wauza hereni na pete wenye vipande vingi vya kupiga kwa siku moja. Wengine wakate madirisha matatu kwenye katoni, wabandike kitambaa cheupe, waendelee na kazi. Sahani kubwa ya ukutani haiingii humo hata kidogo.

5. Taa ya duara

Imejaa kila duka la simu, nami naiweka karibu na mwisho. Ni taa ya uso wa mtu. Ukimpigia dada aliyevaa hereni zako, sawa. Ukiielekeza kwenye shaba au malakiti, utapata duara jeupe katikati ya kazi, na hakuna programu itakayoliondoa vizuri. Sifa yake moja: nyingi zinatumia USB, hivyo zinawaka kwa power bank.

6. Kamera ya mtumba

Ni ya mwisho, na iwe baada ya hayo yote. Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni ukungu, na kuutoa ni kazi ya fundi. Vilenzi vya kubana kwenye simu sikuvipa hata namba.

Picha ikishakuwa nzuri, mtumie mteja kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inaibana na mistari ya malakiti ndiyo inayopotea kwanza.