Tawi la chuo lije huku au vijana waende mjini?

Chukua mfano wa mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho chuo mama kiko Morogoro, ina kampasi yake ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na mimi nasema wazi nilivyoona: tawi linashinda kumpeleka mtoto mjini. Mtoto akienda Morogoro anapata maabara kubwa, maktaba, wahadhiri wengi, hilo sibishi kabisa. Ila hela ya chumba, chakula na nauli yote inabaki kule, na wengi wakimaliza hawarudi.

Tawi likiwa jirani hela inazunguka hapahapa, mama ntilie anapata wateja, mwenye vyumba viwili anapangisha, bodaboda anakula, na binti ambaye mzazi wake angegoma kumwachia aende mbali anasoma akilala kwao. Halafu Katavi ni ya misitu na asali, mwanafunzi anajifunzia kwenye mizinga ya wafugaji nyuki wenyewe, nao wanapata wataalamu wa kuwauliza.

Shida ni wahadhiri kukubali kuhamia huku, maji na intaneti pia. Hapo serikali iweke mkazo, nyumba za walimu zijengwe kwanza.