"Breka haijakatika": uzoefu wangu na mafundi wa umeme na mabomba ya vumbi karakanani

"Bosi, breka haijakatika. Breka isipokatika, hakuna shida." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na fundi mkuu wa kikundi kilichonifungia umeme na mabomba ya kuvuta vumbi kwenye karakana ya useremala hapa nyumbani, Dar es Salaam. Aliyasema akiwa juu ya ngazi, kiboksi cha kuungia nyaya kiko wazi mbele ya uso wake, mfuniko umejikunja kwa joto. Nyota moja. Na hiyo moja nitaeleza inatoka wapi, maana kuna sehemu ya kazi yao ambayo sijaona fundi mwingine akiifanya vizuri vile.

Kiboksi chenyewe kiko juu ya msumeno wa meza, nyuma ya siling bodi. Nyaya za 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) kutoka kwenye breka zinakutana humo na zile zinazoshuka kwenye soketi. Hawakuweka koneka, vile viungio vya kubana nyaya kwa skrubu. Walizisokota kwa koleo mizunguko mitatu hivi, wakazungushia tepu nyeusi, wakafunika. Zikapita wiki chache za kazi, karakana ikaanza kunuka shombo, kama kuna samaki kaachwa mahali. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata moto ndivyo inavyonuka, na anayeijua harufu hiyo anazima meni suichi kwanza ndipo aulize. Tepu ya nyutro, waya unaorudisha umeme, ilikuwa imelainika ikawa kama lami, shaba imekuwa nyeusi, na juu ya yote umetanda unga wa mninga, laini kama poda ya mtoto, ulioingia kupitia tundu la waya ambalo hawakuliziba. Unga wa namna hiyo hauhitaji mwali. Ukilala juu ya kitu cha moto muda mrefu unaanza kufuka wenyewe, taratibu, pengine usiku watu wamelala.

Sasa hiyo breka. Breka ya ampia 20 inakata kwa mambo mawili tu: umeme unaopita umezidi kiwango chake kwa muda, au kumepigwa shoti. Kiungo kilicholegea hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinaongeza ukinzani njiani, umeme unaopita unabaki katika kiwango cha kawaida, na joto lote linazaliwa palepale kwenye sentimita mbili za shaba. Breka haioni kitu. Inaweza kukaa imewashwa hadi dari linaungua.

Na hili halihitaji ubishi, linapimika. Mita kwenye soketi ilisoma volti 226 msumeno ukiwa umezimwa, na 209 ukiwa unapasua mbao. Zimepotea 17. Mota ya HP 2 ikiwa kazini inavuta kama ampia 10, na kwa mzigo huo waya wa 6 uliotoka boksi kuu la nyumba, mita 25, pamoja na mita sita za 2.5 za mwishoni, haukutakiwa kula zaidi ya volti 3. Zile 14 zilizobaki zinaliwa na kiungo. Zidisha kwa 10 upate wati 140. Ni kama kufungia solda tatu zilizowashwa ndani ya kiboksi cha plastiki, wakati ganda la PVC la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Fundi alipima kwa bisibisi ya tesita, taa yake ndogo ikawaka, akasema umeme upo. Upo, ndiyo! Tesita ile haivuti mzigo wowote, kwa hiyo kiungo kibovu kinaonekana kizima. Pima soketi mashine ikiwa inakata mbao, si vinginevyo.

Kwenye kiboksi hichohicho waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haukuunganishwa kabisa. Ulikatwa ukakunjwa pembeni. Maana yake msumeno, chuma kitupu ambacho mtu anakiegemea kwa tumbo siku nzima, haukuwa na ethi. Fundi akabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ikakata, akanitazama: "Unaona? Iko salama." Kitufe kile hakipimi ethi. Kinatengeneza uvujaji mdogo humohumo ndani ya RCD, na kingefanya kazi hata kama kiwanja kizima hakina nondo ya ethi ardhini. RCD bila ethi nayo itakata, ila inasubiri umeme upite kwanza mwilini mwa mtu. Ethi inapimwa umeme ukiwa umezimwa: ncha moja ya mita kwenye mwili wa mashine, nyingine kwenye baa ya ethi ndani ya boksi la breka, na kwa umbali kama wa karakana ya nyumbani isome chini ya omu moja. Yetu haikusoma kitu.

Taa nazo waliziweka kwenye breka moja na msumeno. Hilo peke yake lingetosha kuwanyima nyota. Msumeno ukikwama kwenye ubao wenye unyevu breka inakata, taa zinazimika, na mtu anabaki gizani mkono ukiwa karibu na meno ambayo bado yanazunguka. Taa zinatakiwa ziwe na breka yao, ya ampia 6 au 10, na waya wake wa 1.5.

Halafu nageuka kutazama mabomba, na hasira inakosa pa kukaa.

Walitumia mabomba ya inchi 4 ya maji taka, yale ya PVC ya kijivu. Kila tawi wameliingiza kwa kiungo cha Y cha nyuzi 45, hakuna hata T moja. Penye kona wameweka bendi mbili za 45 badala ya moja ya 90, kwa hiyo maranda yanapita bila kugonga ukuta wa bomba. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayejua. Kwenye bomba la inchi 4 hewa inahitaji kwenda kama mita 20 kwa sekunde ili ibebe maranda na unga pamoja. Ikipungua sana, maranda yanalala chini ya bomba, yanajenga tuta, na siku moja bomba zima linaziba. Ndiyo maana kila mashine ina mlango wake wa kusukuma, kipande cha plaiwudi kinachoteleza kati ya vingine viwili, ili iwe wazi moja tu kwa wakati. Ile hozi ya kukunjika wameikata ikabaki mita moja, maana makunyanzi yake yanakula nguvu ya hewa. Kabla ya feni ya kuvuta vumbi kuna pipa la kunasia maranda mazito, na mfuko wa kuchujia wameuweka nje chini ya paa. Hapo nawavulia kofia. Mifuko mingi ya kitambaa inayokuja na mashine hizi za kuvuta vumbi inanasa maranda na kuupitisha unga mwembamba, na ukiwa ndani ya chumba unakuwa mashine ya kupulizia vumbi puani. Unga huo ndio wa kuogopwa. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, na anayepasua mvule anajua unavyowasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya kufikiria saratani.

Viungo hawakuvigundisha kwa gundi. Waliweka skrubu fupi mbili na silikoni, ili bomba likiziba lifunguke. Kisha wakawasha feni, wakawasha kijiti cha udi, wakakipitisha polepole kwenye kila kiungo. Moshi ulipovutwa ndani, pana tundu, silikoni inaongezwa. Walikuta matatu, wakayaziba yote. Nilitaka kuandika nyota tano.

Lakini mtu anayepitisha udi kwenye kila kiungo cha hewa, anashindwaje kufungua viboksi vitano vya umeme? Hilo silielewi, na ndilo linalonirudisha kwenye moja. Uvujaji wa hewa unapoteza maranda kidogo sakafuni. Wa umeme unachoma nyumba.

Feni ya kutolea hewa ni kazi ya katikati. Iko juu ya ukuta, mkabala na tofali za matundu zinazoingiza hewa, na joto linatoka vizuri. Ila matundu wameyaziba kwa wavu wa mbu uliopigiliwa, na wavu wa mbu karakanani unaziba kwa unga ndani ya siku chache. Uwe kwenye fremu inayotoka, ukung'utwe. Na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Feni ya juu haiufikii, na mota yake ya kawaida inaweza kutoa cheche. Vanishi ipuliziwe nje.

Turudi kwenye ngazi. Baada ya kuonyeshwa 226 na 209 kwenye mita, fundi mkuu alirudia maneno yaleyale, breka haijakatika, akasema mashine ndiyo mbovu, akadai nauli ya kuja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa tepu mpya nyeusi, akasokota nyaya zilezile zilizoungua, akafunga. Mbele yangu.

Fundi umeme Tanzania anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Aliyekuja kurekebisha anayo, na aliionyesha kabla hajafungua begi. Alivuta waya mpya wa 2.5, mzima bila kiungo, kutoka kwenye breka hadi soketi ya msumeno. Viboksi vinne vilivyobaki akaviwekea koneka za skrubu, akavuta kila waya kwa mkono kuona kama unachomoka, akaziba matundu ya kuingilia nyaya, akaunga ethi hadi kwenye mwili wa msumeno, taa akazipa breka yao. Alisema skrubu zikazwe tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu shaba hulegea ikipata joto na kupoa.

Kwa mabomba, waiteni wale wa kwanza, tena kwa roho nyeupe. Nyota nne, hata tano. Kwa umeme sina nyota ya kuwapa, nafuta hata ile moja. Soketi ya msumeno sasa inasoma 226 umezimwa, 223 unapasua mninga. Breka ni ileile.